Kabla ya PIN Kulikuwa na Jirani

Mwaka 1912 Nairobi ilikuwa na miaka 13. Huo ndio umri ambao kampuni nyingi za mitandao leo humruhusu mtoto kufungua akaunti bila kumwuliza mzazi, na kwa sadfa tu, ndio umri wa jiji letu lilipotungiwa sheria ya mapema kabisa kuhusu nani atazame nini. Kenya haikuwa hata na jina lake bado. Waingereza waliiita Himaya ya Afrika Mashariki. Reli ilikuwa imefika, maduka ya mabati yalikuwa yamejipanga, na picha zinazotembea zilikuwa kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukiona. Lakini sheria ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema ilikuwa tayari. Kufuli lilitangulia mlango.

Niliingia kwenye historia hii kwa sababu ya dadangu. Anaishi Soweto East, Kibera, ana watoto watatu, na mwaka jana alinunua tableti iliyotumika, akanipa niiwekee, kwa maneno yake, "hizo vitu za kuzuia watoi kuona mambo." Kwetu mimi ndimi fundi wa simu wa familia, bila malipo. Hizo vitu nitazifikia. Kwanza wacha niulize nani alifanya hiyo kazi kabla hazijavumbuliwa, maana zimejengwa juu ya mawazo ya zamani kuliko zinavyoonekana.

Mkoloni hakuwaogopea watoto pekee. Alituogopea sisi sote. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, juu kwenye milima ya Usambara kule Tanganyika, pesa zikitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya na kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sehemu ya shabaha yao ilikuwa kumpa Mwafrika kitu cha kutazama badala ya sinema za Hollywood, kwa sababu ilihofiwa kwamba akimwona Mzungu akilewa, akiiba na kupigwa ngumi kwenye skrini, heshima itaisha. Baadaye William Sellers wa Colonial Film Unit, kitengo kilichoanzishwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, zisiwe na ujanja wa kamera, eti la sivyo hatutafuata. Na katika makoloni ya eneo hili filamu moja iliweza kupitishwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika, bila kujali una miaka 10 au 50.

Sasa fikiria Kibera ya wakati huo. Ilianza kama makao ya askari Wasudani wa King's African Rifles, Wanubi, walioipa jina kutokana na neno lao la msitu. Watu waliobeba bunduki ya mfalme. Kwa mkaguzi wa filamu, hawa nao walikuwa watoto. Ndiyo maana siku hizi mtu akinitajia "kulinda jamii" nauliza kwanza ni nani kwenye hiyo jamii ambaye hakuulizwa.

Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, lakini kwa wengi wetu ilifika miaka ya tisini, ikiwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikinywa moto kwa betri ya gari. Na ilikuja na kabati. Kama ulizaliwa baada ya 2005 labda hujaliona: kabati la mbao lenye milango miwili midogo, varnishi ya kahawia, kitambaa cha kushonwa kwa mkono juu yake, na kufuli. Kufuli la kweli, la shaba, kama la kiosk. Ufunguo ulikaa kwenye fundo la leso ya mama au mfuko wa koti la baba, na televisheni ilifunguliwa saa ya habari, kisha ikafungwa kama ibada imeisha. Wengine walipokosa kabati walibeba waya wa aerial kazini. Namjua mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani na remote mfukoni, jembe begani. Huko Marekani, sheria ya 1996 ililazimisha televisheni mpya za inchi 13 kwenda juu ziwe na kifaa cha ndani cha kuzuia vipindi, na utekelezaji ukakamilika mwaka 2000. Sisi tulikuwa tumeshamaliza hiyo kazi na seremala.

Lakini hilo kabati lilikuwa la wenye kabati. Ndani ya Kibera, watoto wengi walitazama kwa watu. Unavua viatu mlangoni, unakaa chini, na mwenye nyumba anaamua. Akisema mwende, mnaenda. Na kulikuwa na vibanda vya video: mabenchi, pazia zito la kuzuia mwanga, ubao nje wenye majina ya filamu yameandikwa kwa chaki, na kiingilio cha shilingi chache kilichopanda pole pole hadi mbao na zaidi siku za mechi kubwa. Humo ndimo kizazi kizima kilijifunza kung fu, na ndimo DJ Afro alipogeuka kuwa sauti ya Hollywood na Bollywood, akitafsiri, akichongoa waigizaji, akiongeza hadithi ambayo mwandishi wa filamu hakuiwaza.

Watu wanapozungumzia vibanda hivi huwa wanachagua upande: ama vilikuwa chuo cha ubunifu ama vilikuwa shimo la kuharibu watoto. Vilikuwa vyote viwili, na tofauti ilikuwa mtu aliyekaa mlangoni. Kuna aliyejua majina ya mama zetu wote. Filamu ikielekea pabaya anasimamisha, anasema "watoi nje," na mnatoka mkinung'unika, na jioni mamako tayari amesikia ulikuwa wapi. Na kuna aliyeangalia pesa tu. Huyo wa pili ndiye aliyeletea mtaa msako wa polisi na maafisa wa bodi ya filamu.

Bodi hiyo inatokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, mkoloni akiwa anafunga mizigo. Uhuru uliikuta, ukaiweka. Leo tunaijua kama Kenya Film Classification Board, yenye alama zake za GE, PG, 16 na 18. Mwaka 2017 ilipiga marufuku katuni, zikiwemo Adventure Time na Steven Universe. Mwaka 2018 ilikataza Rafiki ya Wanuri Kahiu, mpaka Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaza ukumbi. Hizo ndizo habari zilizopiga kelele. Mimi kilichonishika ni kanuni ndogo isiyo na kelele yoyote: ile ya saa. Vituo vya Kenya vinatakiwa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kurusha vipindi ambavyo familia nzima inaweza kutazama. Baada ya saa nne, mambo ya watu wazima.

Soma hiyo kanuni ukiwa umekaa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Inadhani kwamba saa nne mtoto amelala, na kwamba amelala mahali pengine. Kibera, mahali pengine ni upande wa pili wa pazia. Televisheni haizimi kwa sababu mtoto ameambiwa alale. Mzazi amefika saa tatu kutoka kazini na hiyo ndiyo nusu saa yake ya kupumua. Na hata mzazi wako akizima, mabati hayazimi. Unasikia ya jirani neno kwa neno, unajua nani amemwacha nani kwenye soap bila kuona sura. Kanuni ya saa nne ilitungwa na mtu mwenye korido.

Hapo ndipo niligundua kitu ambacho kinaunganisha kabati, saa nne na ile tableti. Kila kufuli la skrini lina ramani ya nyumba ndani yake: sebule hapa, chumba cha watoto pale, mzazi mmoja mwenye ufunguo, mtoto mmoja wa kuzuiwa. Soweto East haikuwa na hiyo nyumba. Ilikuwa na ploti, watu kumi na kitu wakipita mbele ya mlango ulio wazi mchana kutwa. Kinachoitwa udhibiti wa mzazi kwetu kilikuwa udhibiti wa jirani. Mama wa mlango wa tatu akikuona umeinamia simu kwa ukimya usio wa kawaida, alikuja kuangalia.

Siisifu ploti, tafadhali. Wapo watoto walioumizwa na majirani hao hao, na kwenye mabati kila mtu husikia lakini si kila mtu huingilia. Nasema tu kazi hiyo ilikuwa ya nani.

Halafu ikaja milango. Mpango wa serikali wa kuboresha makazi duni, KENSUP, ukishirikiana na UN-Habitat, ulichagua Soweto East iwe mfano wa kwanza. Septemba 2009 familia zilihamishwa kwa muda hadi magorofa ya Lang'ata, nyumba 600 za vyumba vitatu vitatu, kila familia ikipewa chumba, jiko na choo vikiwa vya pamoja. Kisha Julai 2016 nyumba 822 zilizojengwa Soweto East penyewe zikakabidhiwa. Dadangu hakupewa nyumba; amepangisha ndani ya mojawapo, kama wengi. Ana vyumba viwili. Kwa hiyo mpwa wangu mkubwa, msichana wa miaka 11, ndiye mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na mlango anaoweza kuufunga akiwa na skrini mkononi. Hakuna aliyewahi kuwa na hilo tatizo kwetu. Mama yangu hana ushauri wa kumpa dadangu, na kwa kawaida mama yangu ana ushauri kuhusu kila kitu.

Tableti zenyewe zilifika Kenya zikiwa na mwangalizi. Mwaka 2012 hivi, maktaba ya umma ya Kibera ilikuwa na mradi ulioitwa Kids on the Tab: tableti zenye masomo na mkutubi karibu. Watoto wa shule za mtaani walizishiriki kikundi kwa kikundi, vichwa vimegusana. Mradi ulishinda tuzo ya kimataifa ya ubunifu wa maktaba. Watu hupenda kuueleza kama hadithi ya teknolojia. Mimi naona meza. Kwenye meza huwezi kujificha.

Mwaka 2013 Jubilee waliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka tableti, na kuanzia 2016 zaidi ya milioni moja ziligawiwa kwa shule za umma zaidi ya 20,000, zikiwa na masomo ya KICD tayari ndani. Nyingi ziliishia stoo, zimefungiwa na kufuli la kawaida, kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa kuibiwa kuliko alivyoogopa intaneti. Na watoto wengi wa Kibera husoma kwenye shule za watu binafsi, zile za mabati, ambazo mpango huo haukuzihusu. Kwa hiyo skrini ilipowafikia kweli kweli haikupitia shule. Ilipitia Machi 2020, shule zilipofungwa, na simu ya mzazi ikawa darasa. Hapakuwa na meza wala mkutubi, na wazazi wengi hawakuwa nyumbani.

Basi tableti. Google ilizindua programu yake ya wazazi, Family Link, Marekani mwaka 2017, na sasa ziko nyingi za aina hiyo. Namna zinavyofanya kazi ni ile ile: unamfungulia mtoto akaunti inayosimamiwa, unaiunganisha na simu yako, kisha unaamua programu gani zipakuliwe, saa ngapi kwa siku, skrini ijifunge usiku saa ngapi. Mtoto akitaka mchezo mpya, ombi linakuja kwako, unabonyeza ndiyo au hapana. Ni kifaa kizuri. Nimekiweka na nitakuambia kiweke.

Swali la kwanza kilichouliza lilikuwa jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Mmoja. Tulikuwa na watatu sebuleni, wa 11, wa 8 na wa 4, na wawili wa jirani ambao huwa wapo. Unaweza kuweka profaili kadhaa kwenye tableti, lakini kila moja hula nafasi, na hii ilikuwa na GB 16, nusu yake imeshaliwa na mfumo wenyewe. Dadangu akasema weka ya mdogo, wote watumie. Wa 11 akaniangalia kama nimemuuza. "Anti, kweli? Nyimbo za bata?" Tukaweka ya wa 8, ambayo haimfai yeyote vizuri, hata wa 8.

Swali la pili: simu ya mzazi. Dadangu hufanya usafi kwenye nyumba za watu Kilimani, na simu hukaa kwenye mkoba mpaka saa kumi. Bando lake ni la siku. Kwa hiyo ombi la mtoto linatumwa saa nane mchana na kuelea hewani hadi jioni. Zamani hili lisingekuwa tatizo kwa sababu bando ndilo lililokuwa mlinzi: MB 50 zikiisha zimeisha, ponografia na katuni zote zinakata pamoja. Siku hizi gorofa ina Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, haihesabu MB, na hakuna anayeikumbuka bei kama kinga ya mtoto ingawa ilifanya hiyo kazi kwa miaka.

Kisha kuna vile ambavyo programu haivioni kabisa. Filamu iliyonunuliwa kwa muuza muvi na kuwekwa kwenye memori kadi haiombi ruhusa ya mtu. Inafunguka tu. Na lugha: nilijaribu mwenyewe kutafuta uchafu kwa Kiingereza, nikazuiwa. Nikaandika kwa Sheng, nikakaribishwa. Hili si la ajabu. Juni 2022 Mozilla ilitoa ripoti ya Odanga Madung kuhusu TikTok na uchaguzi wetu, na ndani yake kuna maelezo ya wasimamizi wa maudhui kupewa video za lugha wasizozijua. Kichujio hujua alichofundishwa.

Na nani humfundisha? Sehemu moja, sisi. Kampuni ya Sama, ambayo zamani iliitwa Samasource, ilijulikana kwa kuajiri vijana wa Nairobi kutoka mitaa kama Kibera. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wake hapa walivyolipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono, yakiwemo ya watoto, ili ChatGPT ijifunze kuyatambua. Mwaka uliotangulia, Mei 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja Facebook kutokea Nairobi, aliishtaki Meta na Sama, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi dhidi ya Meta inaweza kusikizwa Kenya. Tableti ya dadangu ni ya kampuni nyingine, lakini kazi ni ya aina hiyo hiyo. Mtu aketi atazame ili mtoto asitazame. Mlinzi wa pazia la kibanda, isipokuwa huyu hakujui wala hatamwambia mamako.

Nilimweleza dadangu haya yote nikisubiri tableti ijiwashe upya. Alinisikiliza akichambua sukuma. Akauliza kama kuna kitufe cha kuzuia mlango kufungwa.

Kwa kuwa hakuna, amepanga mambo kivyake. Skrini inajifunga saa mbili na nusu usiku. Hiyo tumeiachia programu. Nyimbo na katuni za mdogo nimezipakua zikae ndani, zisihitaji Wi-Fi. Yule mkubwa ana saa moja yake, kwa akaunti ya mamake, jikoni, mama akiwepo. Niliona ni sawa, maana miaka 11 kuna mambo ya mwili na ya dunia anayotaka kuuliza, na akizuiwa kote ataenda kuyauliza kwenye simu ya mtu. Na chaja haibaki nyumbani. Asubuhi dadangu huichomoa, huikunja, huiweka kwenye mkoba, hupanda nayo matatu hadi Kilimani.

Iliwachukua watoto siku mbili kugundua kwamba chaja ya jirani wa floo ya pili inaingia. Siku ya tatu, saa nane mchana, simu ya dadangu ilipata ujumbe wa sauti. Jirani anasema hawa wako kwake na tableti imezima, awape chaji ama?

Dadangu alijibu alipotoka kazini. "Wape asilimia ishirini. Na wakae hapo kwa meza, uwaone."